Mwenye Jina

"Nani alikuwa nakohoa nyuma yako?" Euphrasie alimuuliza mumewe kabla hajavua hata viatu.

Théodore alicheka. Alikuwa ametoka kusoma habari redioni, na njiani kurudi nyumbani Bagira watu walimpa mkono wa pongezi. "Hakuna mutu, mama. Mu studio ninakuwaka peke yangu."

"Miye nilisikia mu radio. Ni muzee alikohoa."

Hakujali. Mtu aliyeonja aibu hapendi kuharibiwa raha. Mwaka mzima kabla ya hapo, taa nyekundu ya studio ilipowaka, koo lake lilijifunga. Maneno aliyaona kwenye karatasi, lakini hayakutoka. Mkubwa wake alikwisha kumwambia kwamba akinyamaza tena hewani arudi kwao kulima maharage. Ndipo ikaja amri ya serikali ya kuacha majina ya kizungu na kuchukua ya mababu, na Théodore akapanda hadi mtaa wa Kadutu kuomba jina kwa kaka yake Cyprien, aliyemlea baada ya baba yao kufa.

"Chukua Mushagalusa," Cyprien alisema papo hapo, utadhani alikuwa akimngojea. "Ule babu alikuwa nasemaga mbele ya mwami, mufalme wetu, bila kutetemeka. Ukijiita yeye, woga itaisha. Lakini utaje ile jina kila siku, na sauti ya juu."

Na woga ukaisha kweli. "Hapa Bukavu, ni Mushagalusa anayewasomea," alianza kila siku, na maneno yakamiminika.

Baada ya kikohozi ikaja harufu ya matope ya bondeni, ndani ya studio isiyo na dirisha la nje. Kisha pumzi shingoni. Kisha siku moja, akiwa katikati ya bei ya kahawa, akasikia masikioni sauti yake mwenyewe imemtangulia, inasoma mstari ambao yeye hajaufikia, naye akaukimbiza, midomo ikimcheza bila ruhusa yake, jasho likidondokea karatasi, mpaka taa ikazimika na ile sauti ikabaki inamcheka taratibu sikioni.

Alikimbilia kwa shangazi yake Colombe. Bibi yule aliposikia jina, aliacha kumenya mihogo.

"Nani alikupa ile jina? Ule babu, bandugu yake balimutupa mu mabwawa muzima, juu ya kugombania shamba. Ukimuita, anakuja kutafuta kwake. Si alikuwa anagongaka ku mulango ya Cyprien? Hakukuambia?"

"Hapana, tante."

"Acha kumuita, mutoto wangu. Labda atachoka."

Alimkuta kaka yake uani, amenenepa, anapiga mluzi. Alipomuuliza, Cyprien hakukana.

"Nilikuwa silalake tena, Théo. Muganga alisema ule babu ataniacha tu kama mwingine wa damu yetu anamuita. Miye niko na batoto six. Weye hauna hata mumoja."

"Yaya," Théodore alimwita kaka yake, "si ni weye ulinilea?"

"Ndiyo," Cyprien alisema, akatazama pembeni.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Lakini nguo uliyovishwa utotoni na mikono unayoipenda, utaivuaje? Théodore alishuka kutoka Kadutu akilia mbele za watu, bila haya.

Kesho yake aliingia studio akiwa ameamua. Hatalitaja jina lile. Bora aibu, bora maharage. Taa ikawaka, koo likajifunga kama zamani, naye akashukuru, akabana midomo, akangoja kufukuzwa.

Nyuma ya kioo, Apollinaire, fundi wa sauti, alimwinulia kidole gumba akitabasamu.

Habari zilikuwa zikisomwa. Zilisomwa vizuri, kwa sauti yake, huku mdomo wake umefungwa na harufu ya matope ikijaa chumba, naye akijaribu kuinuka na miguu ikikataa, akijaribu kupiga kelele na koo likikataa, mpaka sauti ikafika mwisho wa karatasi na haikunyamaza.

"Hapa Bukavu, alikuwa Mushagalusa. Mama Euphrasie kule Bagira, acha mulango wazi. Leo narudi kwangu."