Matete ya Umm Ghayib

Nyati walikataa kuingia nyumbani. Walitoka majini adhuhuri kama kawaida yao, wakafika ukingoni mwa uwanja wa Chasib, wakasimama. Chasib aliwaita kwa majina, akawapigia ulimi, akawachapa fimbo. Wakaigeuzia nyumba makalio na kubaki vile mpaka jua likazama. Maziwa waliyotoa yalinuka tope.

"Labda wameona nyoka," alisema dada yake, Nadhima.

"Tangu lini nyati akaogopa nyoka?"

Nadhima alikuwa msanii. Alikuwa ameishi Basra miaka mingi, na mwaka huo, chumvi ilipopanda mtoni na samaki wakaelea matumbo juu, alirudi kwao vinamasini kutengeneza sanamu. Alisuka watu kwa matete, akawakandika tope na samadi ya nyati, warefu kumpita mwanamume, bila rangi wala msumari. Alitaka wasimame ukumbini mjini, ili wale wanaofungua bomba na kusahau waone ni nani anayekufa huku. Lilikuwa jambo jema, na kila mtu alimwambia hivyo.

Shida ilikuwa matete. Ya karibu yalikuwa mafupi na makavu, ukiyakunja yanakatika. Marefu na mabichi yalibaki mahali pamoja tu, kisiwa cha Umm Ghayib, ambako wavuvi hupita kwa mbali wakilitaja jina la Mungu. Chasib alimkataza.

"Kaka, hata hao majini wa kisiwani wameshakufa kwa chumvi," Nadhima alicheka.

Akaenda na mtumbwi peke yake, siku baada ya siku, akakata mpaka kisiwa kikabaki kipara.

Sanamu alizipanga katika banda la wageni. Zilikuwa zimeanikwa juani zikakauka kabisa, lakini siku ya pili baada ya nyati kugoma, mkeka uliokuwa chini yake ulikutwa chepechepe. Wabriya, mke wa Chasib, aliutoa akauanika. Adhuhuri ukalowa tena.

"Wifi, watu wako wanakojoa," alisema.

Nadhima hakucheka. Alikuwa ameusikia mlio. Hapakuwa na upepo wa kuusababisha. Jua lilisimama utosini na hata majani ya mtende hayakutikisika, na bado kutoka bandani ilikuja sauti kama ya mtu anayepuliza tete lililojaa maji, akivuta, akitoa, akivuta, na kila alipovuta harufu ya tope la chini kabisa, lile ambalo pondo la mtumbwi haligusi, ilipenya kwenye kuta na kukaa juu ya mkate na juu ya nguo na ndani ya koo.

Kisha Wabriya akashikwa na kiu. Alikunywa kikombe, akanywa jagi, akaegemeza mtungi mdomoni mpaka maji yakamtiririka kifuani, na midomo yake ikazidi kupasuka. Tumbo lilivimba, ulimi ukawa kama ngozi ya ngoma.

"Unawapelekea watu wa mjini habari za maji," alimwambia Nadhima kwa sauti iliyokwaruza. "Mimi hapa nakufa kwa kiu ndani ya nyumba yako ya maonyesho."

"Nitakupeleka hospitali, wifi."

"Hospitali watanipa nini? Maji?"

Chasib akamwendea Aluya Fahdiya, mwanamke wa ukoo wa Mtume, mkali, asiyependa salamu ndefu. Alikuja na ubani na utepe wa kijani, akawatazama wote kana kwamba wamemchelewesha. Akamkalisha Wabriya katikati ya banda, akamfunga utepe kidole gumba, akamfukiza na kumsomea. Wabriya alitikisika mara moja tu. Kisha akakaa wima, magoti pamoja, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa na mapovu ndani yake.

"Nani wewe?" aliuliza Aluya.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba yako iko wapi?"

Mkono wa Wabriya ulinyooka taratibu ukazielekeza zile sanamu.

"Ile pale. Nilibakiwa na hiyo moja. Huyu amenikatia nyumba yangu ili akawalilie watu kwamba nyumba yangu inakufa."

Nadhima alihisi uso ukimwaka, kisha ukapoa.

"Ukirudishiwa, utamwacha mwanamke wa watu?"

"Nirudishiwe yote. Likibaki tete moja nitalifuata mwenyewe, na safari hiyo sitaanza na asiye na kosa."

Aluya akamgeukia Nadhima. "Zote zimo humu?"

Sanamu ya kwanza ilikuwa Basra. Chasib alijua hilo, ila alikuwa ameambiwa ilisukwa kwa matete ya sokoni, kumbe yalikuwa ya kisiwani. Watu walikuwa wakisimama mbele yake wakilia, na picha zake zilienea kwenye simu nchi nzima. Baada ya miaka ya kupiga kelele, kwa mara ya kwanza Nadhima alikuwa amesikika. Aliitazama midomo ya wifi yake iliyopasuka. Akatazama chini.

"Zote, bibi."

Wakazipakia mitumbwini, wakazishusha katika maji ya Umm Ghayib moja baada ya nyingine, na kila moja ilizama wima, kama mtu anayeshuka ngazi. Waliporudi, Wabriya alikunywa kikombe kimoja, akakiweka chini, akalia. Kiu ilikuwa imekwisha.

Kabla ya wiki kuisha Nadhima alikwenda Basra kuiangalia ile sanamu. Akalikuta jukwaa tupu ukumbini, na mlinzi akipiga deki.

"Iko wapi?"

"Si imetoka, dada," alisema mlinzi. "Nilidhani ni mtu mmempaka tope, mambo yenu ya sanaa. Nikamfungulia mlango. Aliinama asigonge kichwa, akashika njia ya mto." Akakamua dekio. "Ila mngenipa taarifa. Hii sakafu haikauki."

Nadhima alipiga simu nyumbani ikaita bila kupokewa, akapiga tena garini, akapiga tena kwenye mtumbwi, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba matete ni matete, kwamba ni yeye aliyeyakunja na kuyafunga kwa mikono yake, kwamba kitu ulichokifunga kwa mikono yako hakiwezi kukutangulia kufika kwenu.

Wabriya alikuwa mlangoni akibandika mkate kwenye tanuri. Hakuinua kichwa.

"Mgeni wako yumo bandani, wifi. Hataki chai."

"Kaka yuko wapi?"

"Kamfuata Aluya. Mgeni amesema hana haja na sisi."

"Wabriya, tafadhali. Nisaidie tuondoke."

Sasa Wabriya alimtazama. "Ulinitazama mdomoni, ukamdanganya bibi wa watu. Nilikuona. Nina mimba ya miezi mitatu, na yeye amesema usipoingia wewe, ataingia kwangu. Kwa hiyo vua viatu."

Nadhima aliyatazama maji nyuma yake. Mtumbwi aliojia ulikuwa umeshageuka, unakwenda zake. Akavua viatu. Mlangoni alisimama kidogo, mkono juu ya kisusi cha paa, kisha akainama, akaingia.

Hapakuwa na yowe. Wabriya alisikia mundu ukikata matete mabichi, ingawa ndani hamkuwa na tete hata moja bichi. Kisha akasikia yakikunjwa, yakivutwa, yakikazwa fundo, kazi ya mtu asiye na haraka. Aliendelea kuoka. Mkate uliungua, akabandika mwingine, ukaungua nao.

Alasiri Chasib alifika na Aluya Fahdiya. Walifungua banda. Katikati ya mkeka iliketi sanamu moja, miguu imekunjwa upande kama waketivyo wanawake, matete yake ya kijani kibichi, tope lake halijakauka. Hamkuwa na mgeni wala Nadhima. Chasib alipiga magoti, akaweka kiganja kifuani pake, akakitoa haraka, kisha akakirudisha.

"Ina joto," alinong'ona. "Bibi, inapumua."

"Najua," alisema Aluya. Alikuwa ameshashika mabega. "Shika miguu. Mtumbwi unangoja."