Vimbunga Vingapi Mwaka Huu?

Kila siku saa tisa alasiri, Delfina Abordo alipotoka shule, alipitia sokoni kwenye meza ya bibi yake. Aliuchukua mkono wa bibi, akaugusisha kwenye paji la uso wake kama afanyavyo mtoto yeyote wa San Aurelio aliyelelewa vizuri, kisha akaingia chini ya meza kutafuta magazeti. Bibi huyo, Lola Basilia (kwa Kifilipino lola ni bibi), aliuza samaki wadogo wakavu. Aliwafunga kwa magazeti ya zamani aliyoyanunua kwa kilo, na Delfina alitaka kuyasoma kabla hayajaanza kunuka.

"Hilo usilikate," Lola alisema bila kugeuka. "Nina mteja hapa."

"Lakini lina habari ya daraja jipya, Lola."

"Samaki hawajui kusoma, lakini karatasi ikiwa na tundu watamwagika njiani. Chukua la chini."

Delfina alichukua la chini. Hakuwa mtoto wa kukata tamaa, na kwa kweli hakuwa mtoto wa kunyamaza pia, ila siku hiyo alikuwa na haraka. Zilibaki wiki mbili tu kabla ya chemshabongo ya mwisho wa mwaka.

Chemshabongo hiyo ilifanyika kila Desemba katika ukumbi wa mji, na maswali yake yote yalihusu habari kubwa za mwaka unaokwisha. Kila shule ya msingi iliandaa kitabu cha habari: vipande vya magazeti vilivyobandikwa kwa gundi, na chini yake maelezo kwa mwandiko mzuri. Vitabu vyote viliwekwa ukumbini wiki nzima ili kila mshindani avisome, na maswali yalitoka humo. Katika shule ya San Aurelio, Gemma Rosales ndiye aliyebandika, kwa kuwa mikono yake ilikuwa safi. Delfina ndiye aliyesoma, akahesabu na kuandika.

Mshindi angepelekwa redioni. Jumapili saa nane mchana, redio ya mkoa ingewakutanisha washindi wa miji yote, na matangazo hayo yalisikika hata ng'ambo kwa njia ya simu. Mama yake Delfina alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Kuwait, huu ukiwa mwaka wake wa tatu. Alikuwa amekwisha kumwomba mwajiri wake saa moja ya mapumziko Jumapili hiyo.

"Nimempa habari kwamba mwanangu atasema redioni," mama alikuwa amesema kwenye simu.

"Mama, sijashinda bado!"

"Basi shinda. Ruhusa nimeshapewa."

Siku ya mashindano, Ijumaa, ukumbi ulijaa wazazi, watoto wachanga na sahani za tambi. Mwendeshaji alikuwa Bwana Espinas, mtangazaji mstaafu. Alikuwa amesoma taarifa za vimbunga redioni kwa miaka thelathini, na tangu hapo hakuweza kusema jambo lolote kwa sauti ya kawaida. Hata alipoomba maji ya kunywa, watu walitazama madirisha.

Washindani walikuwa kumi na wawili. Kila mmoja alipewa ubao mdogo mweupe na kalamu nene. Swali likisomwa, waliandika, na kengele ikilia waliinua mbao zao juu. Ni mwezi gani daraja jipya lilifunguliwa? Ni mboga gani bei yake ilipanda hadi watu wakaacha kuinunua? Mtoto wa San Aurelio aliyeshinda mbio za mkoa anaitwa nani? Mmoja baada ya mwingine, washindani walikosa wakatoka. Mwishowe walibaki wawili, wakiwa na pointi kumi na nne kila mmoja: Delfina, na msichana mwembamba aitwaye Marisol Teope kutoka shule ya kijiji cha Baybay, ufukweni.

"Swali la mwisho," Bwana Espinas alinguruma. "Mwaka huu, mji wetu pamoja na vijiji vyake ulipigwa na vimbunga vingapi?"

Delfina nusura acheke. Swali hilo lilitoka kwenye kitabu chake mwenyewe! Ukurasa wa ishirini, kwa mwandiko wake, kwa wino mwekundu. Aliandika sita. Marisol alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole, kisha akaandika tano.

"Jibu ni sita!" Bwana Espinas alisema. "Mshindi, Delfina Abordo!"

Gemma alipiga kelele hadi mtoto mchanga wa jirani akaamka. Marisol hakukaa. Aliinua mkono.

"Samahani, Bwana. Ni tano. Sisi wa Baybay kila kimbunga kikija tunakimbilia kulala shuleni. Mwaka huu tulihama mara tano. Mimi ndiye ninayebeba kuku, kwa hiyo najua."

Watu walicheka. "Labda mara ya sita mlipitiwa na usingizi," Bwana Espinas alisema, na watu wakazidi kucheka. "Kitabu kilikuwa hapa wiki nzima, binti. Kitabu kinasema sita."

Marisol alikaa. Hakulia, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Ikatangazwa kwamba watu waanze kula, na zawadi ingetolewa baadaye.

Delfina hakwenda kula. Alienda moja kwa moja kwenye meza ya vitabu, na nia yake, tusimsingizie wema ambao hakuwa nao, ilikuwa kumwonyesha Gemma jinsi yule msichana wa kuku alivyokosea.

"Tazama," alisema, akifungua ukurasa wa ishirini. "Moja, mwezi wa tano. Mbili, wa saba. Tatu, wa nane. Nne, mwanzoni mwa Oktoba. Tano ni Kimbunga Tasyo, Oktoba pia. Sita ni Kimbunga Miruk, kile..."

Akakisogeza kitabu karibu na macho.

Chini ya habari ya Kimbunga Tasyo kulikuwa na picha ya nyumba iliyozama hadi dirishani, na juu ya paa lake amesimama mbuzi mweupe mwenye pembe moja. Chini ya habari ya Kimbunga Miruk, iliyokatwa kwenye gazeti jingine la siku iliyofuata, kulikuwa na picha ya nyumba iliyopigwa kutoka upande mwingine. Juu ya paa alisimama mbuzi mweupe mwenye pembe moja.

Gemma aliinama. "Wanafanana."

"Hawafanani, Gemma. Ni mmoja."

Kila mtu Ufilipino anajua kwamba kimbunga kina majina mawili: lile kinalopewa hapa nyumbani, na lile kinaloitwa katika nchi nyingine. Delfina alilijua hilo tangu darasa la tatu. Gazeti moja lilikuwa limetumia jina la nyumbani, la pili jina la ng'ambo, naye akiwa chini ya meza ya Lola na mkasi mkononi alikuwa ameandika vimbunga viwili. Nyumba yao ilikuwa mlimani. Kwao kimbunga kilikuwa kelele usiku na shule kufungwa siku mbili. Hakuwa amehesabu kimbunga hata kimoja ila kwenye karatasi.

"Nyamaza tu," Gemma alinong'ona, akakifunga kitabu. "Nani ataangalia mbuzi? Sita ni sita. Limeshatangazwa."

"Lakini Marisol amepata."

"Na mama yako? Si ameomba ruhusa?"

Hilo ndilo lililomchoma Delfina. Alisimama pale akiwaza saa nane ya Jumapili, na mama yake kajifungia jikoni kwa watu, simu sikioni, akingoja sauti moja tu. Alitamani sana mbuzi yule asingekuwepo. Akatazama upande wa pili wa ukumbi. Marisol alikuwa ameketi na sahani ya tambi ambayo hakuigusa, na mvulana mmoja nyuma yake alikuwa akimwigizia sauti ya kuku.

Delfina alikibeba kitabu hadi kwa Mwalimu Olaguer wa shule yao, ambaye alikuwa akimwandikia mwalimu mkuu ujumbe wa simu kuhusu ushindi.

"Mwalimu, nimekosea kuhesabu."

Mwalimu alitazama picha ya kwanza, kisha ya pili. Akatazama simu yake. Alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja bila shule yake kushinda, na kwa muda mfupi uso wake ulionyesha miaka yote hiyo.

"Ujumbe nimeshautuma," alisema. Kisha akapumua. "Haya. Nitatuma mwingine. Unataka niseme mimi, au utasema mwenyewe?"

"Nitasema mwenyewe, lakini twende wote."

Bwana Espinas alikuwa na mdomo uliojaa tambi. Aliwasikiliza, akavaa miwani, akawatazama mbuzi wote wawili kwa muda mrefu. Halafu alipanda jukwaani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Marisol Teope, njoo tafadhali. Naomba ututajie hivyo vitano."

Marisol alikuja taratibu, akidhani anachekwa tena. Hakutaja majina ya vimbunga.

"Cha kwanza kilichukua paa la jikoni," alisema. "Cha pili hakikuchukua kitu, lakini tulilala kwenye madawati siku mbili. Cha tatu, kuku wawili. Cha nne, mashua ya Kuya Nestor, kaka yangu. Cha tano maji yaliingia hadi dirishani, na mbuzi wetu alipanda juu ya paa. Watu wa magazeti walikuja kumpiga picha." Akafikiri. "Sisi hawakutuuliza kitu. Walimpiga picha mbuzi wakaondoka."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Bwana Espinas alivua miwani.

"Nilikutania vibaya, binti," alisema. "Nisamehe. Nilisoma habari za vimbunga miaka thelathini nikiwa nimekaa mahali pakavu." Kisha akawageukia watu. "Jibu sahihi ni tano. Kosa hili limegunduliwa na aliyeliandika, naye ndiye aliyekuja kuniambia. Pointi inakwenda Baybay, na Baybay ndiyo itakayokwenda redioni."

Wazazi wachache wa San Aurelio walinung'unika kwamba kilichotangazwa kimetangazwa. Delfina aliomba kalamu, akakata neno sita kwa mstari mmoja, akaandika tano juu yake. Marisol alisimama kando akimtazama akiandika.

"Anaitwa Kapitan," alisema.

"Nani?"

"Mbuzi."

Delfina akaandika na hilo pia.

Gemma hakusema naye njia nzima hadi nyumbani. Lola aliposikia, alifyonza, akasema samaki wake wamebeba lawama nyingi lakini hii ya magazeti yao ni mpya, akampa wali mara mbili. Delfina alimwomba amwambie mama habari hizo.

"Mimi?" Lola alisema. "Mimi nauza samaki. Maneno yako yapeleke mwenyewe."

Lakini Delfina hakuwa na ujasiri wa kupiga simu. Jumamosi ikapita. Jumapili saa nane mchana alikaa karibu na redio akamsikia Marisol akijibu maswali kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. Alikuwa wa tatu katika mkoa mzima. Hazikupita hata dakika tano tangu redio izimwe, simu ikalia.

"Nimemsikia mtoto wa Baybay," mama alisema. "Anajua huyo. Wewe ulikuwa wapi?"

Delfina alimweleza yote, kuanzia magazeti hadi mbuzi. Alipomaliza, aliibana simu sikioni.

"Mama? Umekasirika?"

"Nilitaka kukusikia, nisikudanganye. Niliamka mapema nikapiga pasi nguo zote ili nisiitwe. Sasa nisikilize. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilivunja bakuli la bibi mwenye nyumba. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kusema ni paka. Nilimpelekea vipande mkononi, akanifokea kutwa nzima, nikalia kutwa nzima. Leo hii akisafiri, funguo za nyumba ananiachia mimi. Unaelewa? Kosa ukilificha, kila siku unalilinda kama mlinzi asiyelipwa. Ukilisema, unafokewa siku moja, kisha watu wanajua neno lako lina uzito. Kushinda kunasikika redioni saa moja. Kuaminiwa ndiko utakakoishi nako."

"Ndiyo, Mama."

"Na siku nyingine, kabla hujaandika habari za watu, nenda kawaulize watu wenyewe. Baybay si mbali."

"Nitakwenda. Marisol amesema niende nikamwone mbuzi."

"Haya. Kwa hiyo vilikuwa vingapi hasa?"

"Vitano, Mama."

"Vitano," mama alirudia. "Ajabu. Mimi huku kila niliposikia jina la kimbunga kinachokuja upande wenu, nilipiga magoti nikasali. Nilisali mara sita."

Delfina alicheka, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na huko Kuwait akamsikia mama yake naye akicheka.

"Basi kimoja nilikiombea mara mbili," mama alisema. "Hapo kosa halina hasara."