Sponsa wa Kemunto

Adhana ya alasiri ilipoanza, milango ya chuma ilishuka mmoja baada ya mwingine katika jengo la maduka pale Olaya, Riyadh, na wateja wakabaki nje kusubiri swala iishe. Kemunto alikuwa anasukuma kigari cha mtoto wa madam. Alivaa abaya ya kupewa, ndefu kumzidi, ameikunja chini na kuibana kwa pini, soksi za njano zikichungulia. Kando yake, mwanamume mrefu mweusi alifungiwa mlango puani.

"Hata chupa ya maji tu, jameni," akanung'unika.

Kemunto akacheka. Mwanamume akaanza kugeuka.

"Usigeuke," Kemunto akamwambia upesi. Ilikuwa Desemba 2014, na mwanamke na mwanamume wasio ndugu hawakusimama wakipiga gumzo hadharani mle. "Toa simu uweke sikioni. Ongea na yako, niongee na yangu."

Akatii. Wakasimama wamepeana migongo.

"Haloo. Naitwa Dismas, wa Kitale. Nafundisha Kiingereza chuoni hapa mjini."

"Haloo, Dismas wa Kitale. Mimi Kemunto wa Nyamira. Nina diploma ya kufundisha chekechea, na hapa nafundisha sufuria. Hiyo sweta ya zambarau iliyoandikwa Tolliver, ni timu ya mpira?"

"Ni chuo nilichosomea, kusini mwa Amerika. Cha serikali, kilianzishwa kwa ajili ya watu weusi wakati vile vingine vimewafungia mlango."

"Kama huo ulio mbele yako."

"Huu utafunguliwa baada ya dakika ishirini. Ule ulichukua miaka themanini."

Kabla ya milango kupanda Dismas alikuwa amemtajia namba yake, naye Kemunto ameihifadhi kwa jina la Shangazi.

Baada ya hapo walizungumza karibu kila siku, saa nane mchana, nyumba nzima ikilala baada ya chakula na Kemunto akipiga pasi chumba cha juu. Wengine hutongozwa kwa maua. Yeye alitongozwa kwa historia ya chuo.

"Leo nieleze, Shangazi. Tuliishia wapi?"

"Kwenye matofali. Serikali ya jimbo iliwapa shamba la kinamasi ambalo hakuna mtu aliyelitaka. Hawakuwa na jengo. Wanafunzi wakafinyanga matofali asubuhi, wakasoma jioni. Ukumbi mkubwa ule umesimama hadi leo, na kwenye matofali mengine unaona alama za vidole."

"Walisoma nini?"

"Wakubwa wa jimbo walitaka wafundishwe kupika, kufua na kulima, basi. Walimu wakafundisha hivyo, na Kilatini juu yake. Mkaguzi akija, vitabu vya Kilatini vinaingia chini ya nguo chafu."

Kemunto alisimamisha pasi. "Watu hao ningewapenda."

"Na mimi?"

"Wewe nangoja umalize hadithi."

Akamaliza polepole, kwa makusudi. Alimweleza jinsi wanafunzi walivyofukuzwa kwa kukaa katika mkahawa wa wazungu wakiagiza kahawa, na jinsi bajeti ya jimbo ilivyozidi kupungua na walimu wakaendelea kufundisha madarasa yenye paa linalovuja. Alimweleza kuhusu Profesa Odessa Pruitt, aliyemfundisha historia na kumrudishia insha moja mara tano kwa sababu alikuwa ameandika "inasemekana" bila kusema nani alisema.

Kupitia huyo profesa ndipo jambo lilipotokea. Kila mwaka Tolliver ilimpa mwalimu mmoja kutoka Afrika nafasi ya kusomea shahada bila karo. Dismas alimwandikia kuhusu Kemunto. Jibu likaja Aprili: wasifu wake umependeza, ajaze fomu kabla ya mwezi kwisha, aripoti Agosti. Mkataba wa Kemunto Riyadh ungekwisha Julai. Kila kitu kililingana, na Kemunto, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa na hajawahi kupata kitu kikalingana, alikaa chini juu ya rundo la mashuka ya watu.

"Mimi pia nimeomba kurudi kule kwa shahada ya pili," Dismas akasema. "Tutakuwa pamoja, Kemu. Jaza yote usiache kitu. Pale pa sponsor niandike mimi."

"Wewe uwe sponsa wangu? Nyumbani sponsa ni mzee wa kitambi anayelipia msichana nyumba. Una kitambi?"

"Naweza kukitafuta."

"Sitaki sponsa, Dismas. Nataka mume."

"Sikiliza, hiyo si..."

"Madam anaita. Kwaheri, mpenzi."

Simu ikakatika. Hakuna aliyerudi kwenye lile neno, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameelewa.

Kesho yake Kemunto akajaza fomu kwenye simu. Mahali pa sponsor hapakumsumbua hata kidogo; la Dismas alilichukua kama mzaha. Kwa miaka miwili kila karatasi ya nchi ile, ya ikama, yaani kibali cha kuishi, ya hospitali, ya uwanja wa ndege, ilimuuliza sponsor ni nani, na sponsor ni kafili, bosi aliyemleta, mume wa madam. Akaandika: Fahad. Barua pepe yake aliinakili kutoka kadi iliyobandikwa kwenye friji. Akatuma, akaenda kuosha bafu akiimba.

Chuo nacho kilifanya kazi yake. Kilimwandikia Fahad kumshukuru kwa kukubali kumlipia Kemunto chakula na malazi kwa miaka minne, na kumwomba aweke sahihi.

Fahad hakuwa mtu mbaya. Alimsomea mkewe barua kama kichekesho. Madam hakucheka. Mwanamume hamlipii mfanyakazi wa nyumbani miaka minne ya chuo bure, na yeye hakuzaliwa jana. Kufikia Alhamisi, Kemunto alikuwa ameambiwa anakwenda Jeddah kwa mama mzazi wa Fahad, mgonjwa wa magoti, na pasipoti yake ikabaki kwenye sefu.

"Baba, mkataba wangu unaisha Julai," akamwambia Fahad.

"Mama anaumwa. Baadaye, inshallah. Halas, yameisha."

Alipokuwa akifunga begi, simu ikalia kwa ujumbe. Profesa alikuwa amempelekea Dismas nakala: tumefurahi, Kemunto amepata sponsor wake, Bwana Fahad. Dismas alisoma neno hilo kama mtu wa Kitale, si kama mtu wa Riyadh. Mwanamume mwenye wivu hasomi, anakisia. Ujumbe wake ulisema: *Kumbe sponsa unaye, na ni bosi wako. Mimi nilikuwa wa kukupigia hadithi.*

Kemunto aliusoma mara mbili, kisha madam akanyoosha mkono akachukua simu.

Kwa hiyo akaenda Jeddah bila kuambiwa habari ya barua ya chuo, akiamini mambo mawili: kwamba kuna mtu aliyewapelekea mabosi habari zake, na kwamba mtu pekee aliyezijua alikuwa Dismas. Julai ikapita. Agosti ikapita. Alimpaka bibi mafuta magotini, akampikia supu, na kila asubuhi alipofungua macho alihesabu darasa analokosa.

Oktoba, kwenye kliniki ya mifupa, alikutana na Roseline, Mkenya aliyekuwa akifanya usafi pale. Roseline akamwazima simu. Namba ya Shangazi alikuwa nayo kichwani.

"Ulinifanyia nini, Dismas?"

"Uko wapi?" Dismas akauliza.

"Jeddah. Nakuuliza uliwaambia nini."

"Sikumwambia mtu kitu. Kemu, nakuja."

"Jumamosi bibi ananunua vitambaa soko la Balad. Nitakuwepo. Kama huji, basi."

Akaja. Alisimama mbele ya duka la uvumba katika kichochoro cha Balad, chini ya roshani za mbao za nyumba za kale. Alivaa shati jeupe la pasi, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Kemunto alitoka duka la pili na mfuko wa vitambaa mkononi, macho yamezama. Safari hii hawakutoa simu.

"Ulimwandika Fahad," Dismas akasema.

"Niliandika sponsor. Hapa sponsor ni nani? Taja mwingine."

Dismas akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Fomu ilimaanisha mtu wa kukutunza ukiwa kule. Nilitaka kukueleza, simu ikakatika."

"Na kesho yake? Ulikuwa na mdomo." Akatikisa kichwa. "Nami nilikuwa nao. Haya. Bado wananingojea? Mwandikie mama profesa. Mwambie ni kosa la neno."

Dismas akageuza uso dukani.

"Dismas."

"Aliniuliza. Juni. Hukujibu barua zake, akaniuliza kama akushikie nafasi mpaka mwakani." Sauti yake ilishuka. "Nilimwambia ampe mtu mwingine."

Mchukuzi akapita na mkokoteni, wakabanana ukutani kumpisha.

"Na mwakani?" Kemunto akauliza.

"Mpango umefutwa. Jimbo limekata fedha. Aliyepewa ndiye wa mwisho."

Kemunto aliweka mfuko chini. Hakulia. Aliutazama mkono wake uliopasuka kwa sabuni kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nioe nikuoe," Dismas akasema haraka, akijikwaa hata kwenye maneno. "Yaani nikuoe. Nimekubaliwa kule, nianze Januari, lakini siendi. Nitamwomba Fahad akuachilie, nikuhamishie ikama kwangu."

"Ikama yangu ikiwa kwako, kafili wangu atakuwa nani?"

"Mimi. Lakini mimi ni..."

"Unanipenda?"

"Unajua nakupenda."

"Najua. Na uliponichukia kwa muda mfupi tu, ulitoa maisha yangu ukampa mtu." Hakupaza sauti. "Fahad amenishikia pasipoti, Dismas, lakini Fahad hanijui. Wewe ulijua kila kitu nilichotaka."

"Nisamehe, Kemu."

"Nimekusamehe. Nenda kasome."

Bibi akaita kutoka ndani ya duka. Kemunto akaokota mfuko, akatengeneza mtandio, akaingia. Dismas akabaki amesimama, kisha umati wa wanunuzi ukamfunika.

"Yule ni nani?" bibi akauliza.

"Mtu wa kwetu."

Bibi alimtazama kidogo, akampa ncha ya kitambaa. "Shika hapa, tupime." Kemunto akashika, akanyoosha mkono, bibi akaanza kuhesabu.