Wati Sabini na Mbili

Kila Jumamosi Kaisa alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwao, katika mji wa baridi kali wa Thunder Bay. Alimpelekea Bibi kahawa na kipande cha mkate wa iliki, kisha akaliweka mezani sanduku la zana la Baba. Baba yake, Arvo, alipenda kutengeneza vitu mwenyewe, na tangu Kaisa akiwa na miaka sita, ndiye aliyemshikia bisibisi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mambo yalibadilika Baba alipomwoa Odette, aliyekuja na binti yake, Noemi. Noemi alimzidi Kaisa mwaka mmoja tu. Alisoma maelezo ya kila kifaa kabla ya kukigusa, na Baba hakuchoka kumsifu. Kila sifa ilimchoma Kaisa.

Jumamosi moja ya Desemba walikuwa na kazi kubwa. Bibi alikuwa ameanza kusahau. Mwezi uliopita alitoka nje mara mbili bila koti, akarudishwa na jirani. Baba aliamua kufunga kamera sita kuzunguka nyumba, ili mtu akipita kwenye mlango wowote, simu ya Baba ilie. Kamera hizo hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, kwa hiyo zilihitaji swichi, yaani kisanduku chenye matundu ya kuchomeka nyaya, kinachogawa umeme kwa kila kamera.

Dukani walikuta swichi mbili zinazofanana, kila moja na matundu manane. Moja ilitoa wati sitini kwa jumla, nyingine mia moja na ishirini.

"Noemi, hebu tupigie hesabu," Baba alisema.

Kaisa alichukua boksi moja la kamera. Zamani angeulizwa yeye.

Noemi aliinamia boksi la kamera. "Kamera moja inakula wati tano. Mara sita, thelathini. Hii ndogo inatosha, tena inabakiza."

"Kichwa hicho!" Baba alicheka, akamshika bega.

Kaisa naye alikuwa na boksi mkononi. Chini ya mstari aliousoma Noemi kulikuwa na mwingine wa maandishi madogo: giza likiingia na taa za kamera kuwaka, wati kumi na mbili. Mara sita ni sabini na mbili. Alifungua kinywa aseme. Akauona mkono wa Baba, bado uko begani kwa Noemi. Akakifunga, akalirudisha boksi kwenye kikapu.

"Acha aumbuke," alisema moyoni.

Walifunga kamera mchana kutwa. Noemi alipanda ngazi na Baba. Kaisa alipewa koleo aondoe theluji njiani. Walipomaliza, picha zote sita zilionekana kwenye runinga, safi kabisa.

"Leo nitatulia," Baba alisema. Akashuka na Noemi chumba cha chini kupanga nyaya.

Saa kumi na moja na robo jioni giza lilianza kuingia. Kaisa alikuwa peke yake sebuleni. Taa za kamera ziliwaka moja baada ya nyingine, kisha picha ya mlango wa nyuma ikacheza mara mbili na kuzimika. Zile tano zilibaki. Kaisa aliegemea kochi, moyo ukimdunda kwa furaha mbaya. Wangepanda, wangeona, na Noemi angekosa pa kuficha uso.

Alisubiri. Hawakupanda. Baadaye akahisi baridi miguuni, akaenda jikoni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Koti la Bibi lilikuwa limetundikwa. Viatu vyake vya theluji vilikuwa palepale.

"Baba! Bibi katoka!"

"Haiwezekani, simu haijalia!" Baba alijibu kutoka chini.

"Kamera ya nyuma imezimika! Njoo!"

Walifuata nyayo kwenye theluji hadi kwenye kibanda cha sauna, wanakoogea mvuke kila Jumamosi, mwisho wa ua. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi, ndara za ndani miguuni, kuni mikononi, midomo ikitetemeka.

"Leo Jumamosi, Arvo," alisema. "Nani atawasha sauna? Mlango umegoma."

Baba alimbeba mpaka ndani. Walimfunika mablanketi, wakampa chai ya vuguvugu kidogo kidogo, mpaka rangi ikarudi vidoleni mwake.

Noemi alikuwa analia, boksi la kamera mkononi. "Ni mimi. Nilikosea hesabu. Ni kosa langu."

Kaisa angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliitazama mikono ya Bibi, akashindwa.

"Si wewe peke yako," alisema. "Niliona dukani. Ni wati sabini na mbili. Nikanyamaza makusudi. Hata picha ilipozimika, niliona."

Noemi alimkodolea macho. "We Kaisa! Kuniumbua mimi, sawa. Lakini Bibi je?"

Kaisa aliishika mikono ya Bibi. Alilia mpaka pumzi zikamkwama.

Kesho yake walirudi dukani. Kaisa alisoma maandishi yote, madogo na makubwa, Noemi akazidisha, wakachukua swichi ya wati mia moja na ishirini. Jioni picha zote sita zilibaki zikiwaka. Kaisa alirudisha nyuma picha zilizorekodiwa, na Bibi akauliza nani yule anayetembea uani.

"Ni wewe, Bibi, ulipokuwa unarudi kutoka sauna na Noemi," Kaisa alimwambia.

Baadaye Baba alimwita Kaisa pembeni. "Noemi alikosa kusoma mstari mmoja. Mimi nilikosa kukuuliza wewe, na kwa hilo nakuomba msamaha. Lakini wewe uliona hatari ukanyamaza."

"Bado namwonea wivu, Baba."

"Najua. Kuona wivu si dhambi, mwanangu. Ukikushika, njoo uniambie, tuuzungumze. Ukiuficha, utakuamulia lini useme kweli na lini unyamaze, na atakayeumia huenda asiwe yule uliyemkasirikia."