Kioo cha Pili

MGONJWA YUKO KATIKATI YA MAGUNIA. BADO ANAPUMUA.

Tumpe Mwakibete aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama nyuma ya pazia, mkono mmoja umeshika cheti cha ubatizo cha mteja.

VIAZI VISHONWE BAPA, TUSISIMAMISHWE NJIANI. MTEREMKO WA KITONGA NDIYO KABURI LAKE. GARI NI T 4

Hapo maneno yakafutika. Mahali pake yakaja mengine: OMBI LA KIBALI CHA KUSAFIRISHA MAZAO.

Basi. Namba ya gari imekwenda na maji.

Mbele ya pazia, kwenye kompyuta ya wateja, alikaa Edmund, karani wa genge lililokuwa likiingiza dawa bandia za malaria kupitia Tunduma. Kwa macho ya watu wa Uyole, duka lile la kuchapa na kutoa kopi lilikuwa la Tumpe, mama mpole asiyekosa ibada. Kwa macho ya Idara ya upelelezi, lilikuwa mtego uliotegwa miezi minane.

Kiprogramu chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi. Hakikuiba faili wala kuvunja nywila. Kazi yake ilikuwa moja: chochote mtu atakachokopi kwenye kompyuta ya mbele, kinatokea kwa herufi kubwa kwenye kioo cha pili, nyuma ya pazia. Lakini kilishika neno la mwisho tu. Ukikopi lingine, la kwanza limezikwa.

Na Edmund alikuwa na tabia ya wengi wanaokuja kuchapa pale. Hachagui sentensi. Anakopi ujumbe mzima wa WhatsApp, anaubandika, halafu anafuta asichokitaka. Safari hii alihitaji jina la mzigo tu.

Akakopi na kaburi la mtu.

Mtu huyo ni Gideoni. Aliingia kwenye genge kama mpakiaji, akaripoti kwa Idara kila jioni, halafu kimya cha siku mbili. Tumpe ndiye aliyemleta kazini. Ndiye aliyemshika mkono mama yake Gideoni akamwambia, "Atarudi, mama. Mungu yupo."

"Mama Printa!" Edmund aliita. "Mbona umejificha huko kama mwali?"

"Wino umegoma, baba. Subiri kidogo."

"Fanya upesi basi. Gari limeondoka tangu saa kumi na mbili, mimi huku nahangaika na makaratasi!"

"Viazi haviozi kwa saa moja."

"Vyangu vinaoza haraka," Edmund akasema, akacheka peke yake.

Tumpe akatazama saa. Saa tatu kasoro.

Akampa karatasi zake, akamsindikiza kwa tabasamu hadi mlangoni. Kisha akafunga duka, akatoa bastola yake ya Glock chini ya rimu za karatasi, akaingia kwenye Subaru Forester.

Alipiga simu akiwa tayari yuko kasi ya mia na ishirini.

"Gideoni yumo kwenye lori la viazi," alisema. "Linaelekea Iringa. Wanamtupa Kitonga."

Upande wa pili alikuwa Bartholomeo, mkubwa wake, aliyekaa kwenye nyumba ya Idara pale Mlandege, Iringa mjini.

"Namba ya gari?"

"Sikuiwahi."

"Rangi?"

"Sijui, mzee."

"Tumpe, unajua malori ya viazi yaliyopo barabara hiyo asubuhi hii?"

"Najua."

"Niweke kizuizi?"

"Usiweke! Wana masikio kwenye redio za polisi wa barabarani. Wakisikia, wanammalizia humo humo."

"Sasa unataka nini?"

"Edmund ashikwe taratibu, asipige simu. Mengine niachie."

"Nikuachie nini, binti yangu? Huna namba, huna rangi!"

Tumpe akakata simu.

Igurusi. Chimala. Igawa. Barabara ilikuwa inateleza chini ya matairi kama nyoka. Kila lori la viazi alilolikuta alilitazama mgongoni. La kwanza, magunia yamevimba. La pili, yamevimba. La tano. La tisa. Yote lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa kichwa kingine juu na kushonwa kwa kamba kama mama mwenye mimba ya mapacha. Serikali imekataza, mizani imekataza, na watu wa Uyole wanaendelea kushona.

Makambako. Saa nne na nusu.

La kumi na nne. Lumbesa.

Huenda amelipita. Huenda limeegeshwa kwenye msitu, na yeye anakimbiza upepo. Huenda Gideoni hapumui tena, na yeye amebaki kuhesabu magunia ya watu.

Mafinga. Misonobari pande zote mbili, ukungu umekaa juu yake kama shuka chafu. Barabara ikawa tupu.

Hakuna lori.

"Ee Kyala," alimwita Mungu kwa lugha ya mama yake, "mimi nimeshindwa. Nionyeshe Wewe."

Akakanyaga mafuta. Mia na arobaini. Sindano ya joto ikaanza kupanda.

Kilomita ishirini mbele, karibu na Ifunda, akaliona.

Fuso jeupe. Turubai la bluu. Magari mengine yote, turubai lilipanda na kushuka kama migongo ya ng'ombe zizini. Hili lilikuwa limenyooka kama kitanda cha hospitali.

Magunia bapa.

Waliogopa mizani, wakafuata sheria. Katika barabara nzima ya viazi, wao peke yao.

Tumpe akalipita lori, akatoa mkono dirishani, akauzungusha na kuonyesha nyuma. Kila dereva wa njia ile anaijua ishara hiyo: tairi lako linawaka. Hakuna anayeipuuza.

Fuso likasimama.

Akasimamisha Subaru mbele yake, akashuka amejifunga kitenge, bastola imelala ndani ya mkunjo. Dereva aliruka chini akakimbilia nyuma kuangalia tairi. Abiria alibaki kitini. Shingo nene, koti la ngozi, mkono wa kulia hauonekani.

"Tairi zima, mama!" dereva alirudi akipiga kelele. "Umetusimamisha bure!"

"Nisamehe, kaka yangu. Macho ya uzee. Unaitwa nani?"

"Yotamu. Unataka nini?"

"Viazi vya wapi hivi, Yotamu?"

"Vya Uyole."

"Vya Uyole! Mbona havina lumbesa?"

"Sisi tunafuata sheria."

"Nimezaliwa Uyole," Tumpe akasema polepole, "na mwenye viazi anayefuata sheria ya gunia sijazaliwa naye."

Yotamu akageuza macho kumtazama yule wa koti.

Hilo lilitosha.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, mdomo wa bastola ukatangulia. Tumpe alikwishapiga goti. Risasi ya kwanza ilichana hewa juu ya kilemba chake. Ya kwake ilimpata jamaa begani, akaanguka kwenye mtaro kama furushi. Tumpe akaipiga teke silaha yake mpaka kwenye majani.

"Lala chini, Yotamu."

"Mama, mimi dereva tu!"

"Dereva analala vizuri zaidi."

Akawafunga wote wawili kwa kamba ya turubai, akamkaza jamaa jeraha kwa kitambaa, akapanda juu.

Akachana gunia la kwanza kwa kisu. Viazi. La pili, viazi, na chini yake maboksi ya dawa yenye picha ya mtoto anayecheka. La tatu. La nne. Kucha zikakatika. Viazi vikamwagika barabarani.

"Gideoni!"

"Gideoni, itika!"

Akaona kiatu.

Akavuta gunia kwa nguvu asizojua zimetoka wapi. Uso ulikuwa wa majivu, mdomo umezibwa kwa utepe. Akautoa. Akaweka shavu kwenye pua yake. Hakusikia kitu.

Akambonyeza kifua. Mara moja. Mara kumi. Mara thelathini. Akampulizia. Akarudia. Nyuma yake basi lilipiga honi, mtu akatukana, yeye anahesabu.

Kikohozi.

Kidogo, kikavu, kama cha mtoto.

Gideoni akafungua jicho moja.

"Dada... viazi... vizito sana."

"Vumilia. Havina hata lumbesa."

Akajaribu kucheka, akalia. "Ndaga fijo, dada," alimshukuru. Tumpe akamfuta udongo usoni kwa ncha ya kitenge, na yeye machozi yakamponyoka bila kuomba ruhusa.

Nusu saa baada ya Tumpe kumpigia simu, Bartholomeo alifika na gari la wagonjwa na Land Cruiser mbili. Alitazama maboksi, akawatazama waliofungwa, akamtazama Gideoni akipandishwa machela, mkono wake umeinuka.

"Edmund tunaye," alisema. "Alikuwa ananunua chapati. Tumpe, ulilijuaje gari?"

"Lilikuwa na adabu kupita kiasi, mzee."

"Panda nikupeleke mjini. Umechoka."

"Mpeleke yeye. Na mama yake apigiwe simu na Gideoni mwenyewe, asipigiwe na mtu wa Idara."

Foleni ilikuwa imefika mbali. Madereva wamechungulia, makondakta wanaulizana. Tumpe akakaza kilemba, akasogeza viazi pembeni kwa mguu, akatembea katikati ya lami akiwapungia mkono.

Piteni. Njia ni nyeupe.