Aliyeingia kwa Paswedi ya Mwanne

Saa sita na nusu mchana, chumba cha kompyuta cha zahanati moja ya Nzuguni kilinukia ubani, na hapakuwa na aliyeuchoma. Mwanne, mtunza kanzidata ya wagonjwa, aliikuta harufu akirudi kuswali, akadhani ni wapangaji wa uani. Lakini kila harufu ilipokuja, faili la mgonjwa mmoja lilipotea. Siku ya tatu akagundua kwamba waliofutwa wote waliitwa Mwanaidi, na wote walikuwa wametibiwa homa isiyoonekana kwenye vipimo. Kwenye kanzidata walibaki Mwanaidi wawili, na mmoja ni binti yake wa miaka sita, aliyepewa jina la marehemu bibi yake Mwanne, wa kijijini Busi. Mwanne aliogopa, tusifichane.

Akafungua logi, ambamo mfumo hujiandikia wenyewe nani kaingia na saa ngapi. Aliyeingia ni Mwanne. Saa hizo Mwanne huwa msikitini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akamshuku Sostenes, mfanyakazi mwenzake wa chumba hicho.

"Kaka, paswedi yangu unaijua?"

"Yangu mwenyewe naisahau, dada. Mbona unanichimba?"

Hakumwamini. Akawasha ufuatiliaji, ambao huandika kila amri na kompyuta iliyotumika. Kesho yake Sostenes alikwenda msibani Kibakwe. Mwanne akafunga chumba, akaenda kuswali na funguo mfukoni.

Aliporudi, ubani ulikuwa umejaa hadi machozi yakamtoka. Amri zilitoka kwenye kompyuta yake mwenyewe:

Tafuta Mwanaidi. Fungua. Siye. Futa.

Hakuna mfumo wenye amri ya "Siye". Mwanne akazima kioo bila kusoma zaidi, akatoka nje, akasimama juani, akikumbuka mchana wa Busi alipokuwa mdogo, bibi akiinamia chetezo na kunong'ona jina ambalo watoto walikatazwa kulitamka, jina ambalo yeye, kwa kujiona mjanja, alilifanya paswedi mwezi uliopita kwa kuwa hakuna ambaye angelibahatisha, na ambalo tangu hapo alikuwa akiliandika kila asubuhi.

Akampigia mjomba wake Bashiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti imekukauka?"

Akamweleza.

"Jina hilo haliandikwi, mwanangu. Kuliandika ni kumwita pepo mwenyewe. Mama yangu, bibi yako, alikuwa kiti chake, mtu anayempanda, na kiti kimekufa. Sasa anatafuta kingine chenye jina la mama. Ibadilishe paswedi sasa hivi, kisha mlete mtoto huku."

Akabadilisha hapohapo, na kwa mjomba wakapanga kwenda Jumamosi.

Kesho yake Mwanne hakwenda msikitini, akabaki chumbani; saa sita na nusu ilifika, ikapita. Hapakuwa na harufu. Logi ilikuwa nyeupe.

"Kashindwa huyo," alinong'ona Sostenes, aliyekuwa amerudi na kuelezwa yote. "Sasa niombe radhi."

Mwanne alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Ila moyo wake ulikuwa mgumu kuamini. Akafungua tena ufuatiliaji wa jana, akashuka chini ya pale alipoishia kusoma. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, wa dakika ileile:

Tafuta Mwanaidi. Fungua. Ndiye.

Hapakuwa na Futa.

Simu ikaita. Alikuwa mwalimu Evodia, wa shule anayosoma binti yake.

"Mama Mwanaidi, njoo tafadhali," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto anaomba ubani. Na tukimwita Mwanaidi haitiki, anasema hilo si jina lake."