Mfereji Uliomuuma Syokau

Asubuhi ya kwanza, Syokau alidhani ni mwiba. Alifungua mfereji wa bafuni nyumbani kwa mwanawe mjini Kitui, kitu kikamdunga kidole na kupanda hadi kwenye kiwiko. Alijiangalia mkono. Hapakuwa na damu.

Alikuwa ametoka kijijini Nuu kuja kutibiwa macho, Agosti ya mwaka 1992. Mwanawe, Kisilu, alikuwa mwalimu. Mkewe Kisilu, Mishi, alikuwa Mwislamu wa ukoo uliohamia Kitui kutoka pwani zamani, na tangu waoane Syokau hakuwa amelala chini ya paa lake hata siku moja.

"Mfereji wenu unauma," alimwambia Mishi jikoni.

"Unauma vipi, Mama? Mimi nimetoka kuoga sasa hivi."

Mishi aliingia bafuni, akaushika kwa mkono uliolowa maji, akageuka akitabasamu. "Ona. Hakuna kitu."

Tabasamu lile ndilo lililomkosesha Syokau amani.

Siku ya tatu mfereji ulimshika. Vidole vilikaza visiachie, mpaka miguu ilipoteleza akaanguka sakafuni. Juu yake hita ya maji, lile pipa jeupe la ukutani, ilinguruma chini chini kama mtu anayeomba akiwa amefumba mdomo, na palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Ilikuwa Ijumaa. Sebuleni Mishi alikuwa amechoma udi, na harufu hizo mbili zikakutana mlangoni.

Jioni Syokau alimvuta Kisilu kando, nyuma ya tangi la maji.

"Bibi yako anafuga kitu," alinong'ona. "Kinamjua yeye. Mimi kinanikataa."

"Mwaitu, mama yangu, hiyo ni stima tu."

"Stima inachagua mtu?"

Wiki iliyopita Kisilu mwenyewe alikuwa ameumwa na mfereji ule asimwambie mtu, na sasa alikumbuka kwamba mkewe hakuwahi kulalamika hata mara moja, kwamba alikuwa akikaa bafuni muda mrefu, kwamba kupitia mlango ule aliwahi kumsikia akisema maneno ya Kiarabu asiyoyaelewa, na siku mbili zilizofuata alikuwa akisimama kwenye ujia akitega sikio, akiona haya na hofu pamoja, huku ule mngurumo ukimjia kupitia ukutani.

Mishi alimkuta pale.

"Kisilu, unaniogopa?"

"Enda kwa mama yako siku chache. Mwaitu atulie."

Mishi aliangalia chini kidogo. "Nitaenda. Lakini kwanza fundi aje."

Alikwenda mwenyewe kumleta Muli, mzee mfupi aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Muli alizima swichi kubwa ya nyumba, akafungua kifuniko cha hita, akapiga mluzi.

"Nani aliwawekea hii?" Alivuta waya wa kijani kwa ncha ya bisibisi. Ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani. "Huu ulitakiwa ufike kwa udongo huko nje. Moto wa stima ukivuja, upite hapa uzame chini. Waya huu ukikatwa, moto unapita kwa mtu."

Alitazama miguu ya Syokau, mitupu. Kisha akatazama ya Mishi.

"Unaoga na hayo malapa?"

"Kila siku. Sakafu ni baridi."

"Basi raba imekuokoa. Huyu mama ningekuta mnamlilia."

Syokau aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mwanangu," alimwambia Mishi, "nimekukosea." Mishi alimletea chai.

Muli alifanya kazi siku mbili. Aliweka koili mpya ya kuchemshia maji badala ya ile iliyovujisha moto, akagongomea nondo ya shaba ardhini, akaunganisha waya wa kijani. Mwisho alifunga swichi ndogo kwenye ujia.

"Hii hukata stima yenyewe ikiona moto unapita kwa mwili wa mtu," alisema. "Ikikata, msiirudishe haraka. Angalieni kwanza ni nani ameguswa."

Syokau alioga kwa maji moto wiki nzima. Mfereji ulikuwa kimya. Akaanza kumwita Mishi binti yangu.

Jumapili, Syokau na mwanawe walipotoka kanisani, wote watatu walikuwa mezani wakila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, jua limewaka, madirisha wazi, mlango wa mbele umefungwa kwa komeo, na Mishi alikuwa anamwongezea mama mkwe kwenye sahani, ndipo kule kwenye ujia ile swichi ndogo iliposema tak, redio ikazimika, friji ikanyamaza, na kila mmoja akainua uso kuwatazama wenzake, mmoja, wa pili, kana kwamba hawajui hesabu.

Kisilu alisukuma kiti nyuma.

"Usiende," Mishi alinong'ona. "Sote tuko hapa."

Syokau aliunyoosha mkono wake juu ya meza, akaukamata wa mkaza mwanawe, akaukaza.

Huko bafuni mtu alivuta pumzi kupitia meno, kama aliyeumia. Kisha maji yakaanza kutiririka.